Rafu ya Nyuma ya Bi Hakuna

Dirisha la stoo ya karakana yetu lina nondo sita. Nondo ya tatu kutoka kushoto inang'aa kuliko nyingine, kwa kuwa hapo ndipo mafundi walipozoea kushika walipokuwa wakibishana na mtunza stoo. Fundi alisogea dirishani, akataja kitu alichokitaka, na kabla hajamaliza kukitaja jibu lilikuwa limeshatoka: "Hakuna." Mtunza stoo alilitamka bila hasira na bila kuinua macho kutoka kwenye leja, kama mtu anayekuambia ni saa ngapi. Ndiyo sababu aliitwa Bi Hakuna. Wapo waliosema kwamba siku ya ndoa yake, waalikwa walipoulizwa kama kuna mwenye pingamizi, bibi harusi mwenyewe ndiye aliyewahi kujibu.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Nilipotoka chuo cha ufundi nikaajiriwa katika karakana ya idara ya maji, nilipanga chumba cha uani nyumbani kwake, kwa hiyo nilimjua kazini na nilimjua jikoni. Jikoni kwake kila kopo lilikuwa na kibandiko chenye tarehe ya kufunguliwa. Mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa umevunjika, nami niliuunga kwa waya mwembamba wa shaba. Aliukagua, akasema, "Umetumia sentimita mbili zaidi ya inavyohitajika, lakini umeshika." Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata kwake mwaka ule, na sijaisahau.

Alikuwa mjane asiye na mtoto. Alimlea mdogo wake wa kiume, tangu mtoto huyo alipokuwa na miaka tisa, mama yao alipofariki. Mdogo huyo sasa alikuwa dereva wa gari la Meneja wa idara, gari jipya kuliko yote tuliyokuwa nayo. Sisi tulimwita Kiyoyozi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona vioo vya gari lake vimeshushwa. Hata injini ikiwa imezimwa alikaa ndani vioo vikiwa juu, akitoka jasho kwa heshima.

Mwaka ninaousimulia ndio ambao uchumi wa nchi uliyumba. Mwanzoni tuliusikia redioni tu, kama habari za mvua iliyonyesha kwa wengine. Kisha ukaingia nyumbani. Dukani, bei zilizokuwa zikipigwa chapa zikaanza kuandikwa kwa penseli, ili zifutike kwa urahisi. Dizeli ilipanda mara tatu katika majuma tisa. Hatimaye serikali ikatangaza kwamba kila idara itapunguza matumizi yake kwa theluthi moja, na barua ikatufikia sisi, watu ishirini na mmoja tuliokuwa tukihudumia magari ishirini na mawili.

Barua ilitoa njia mbili. Idara ingeweza kupeleka mpango wake yenyewe wa kupunguza matumizi. Isipofanya hivyo, ipeleke majina saba ya watu wa kuachishwa kazi. Kwa Meneja, mtu mpole asiyependa kelele, njia ya majina ilikuwa nyepesi zaidi: ukurasa mmoja na sahihi moja. Kanuni ilikuwa kwamba aliyeingia mwisho ndiye anayetoka kwanza. Wa mwisho kuingia nilikuwa mimi.

Meneja alitusomea barua hiyo siku ya Jumanne asubuhi, tukiwa tumekaa juu ya matairi chini ya paa la mabati. Alipomaliza, mchomeleaji wetu alisimama. Yeye tulimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Yaani serikali imekula, sisi ndio tunaambiwa tuoshe vyombo!" alisema. Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa cha uchungu. "Mimi nasema tusiguse hata spana moja mpaka waifute hiyo barua."

Makofi yalipigwa. Mimi nilitazama viatu vyangu. Ndipo Bi Hakuna alipoinuka, leja ikiwa kwapani.

"Naomba kusema neno," alisema.

"Haya jamani," Redio alidakia, "tumsaidie wote kwa pamoja. Moja, mbili, tatu: hakuna!"

Alisubiri kicheko kiishe. Alisubiri kwa utulivu ule ule aliotumia kusubiri wino ukauke.

"Leo nina neno jingine, baba. Njia ipo."

Akafungua miwani, akaivaa, kisha akaanza kusema kwa sauti ya kawaida, kiasi kwamba waliokuwa nyuma walilazimika kusogea.

"Nilipokuwa na umri wa huyu binti hapa," alisema akinionyesha mimi, "nilikuwa karani wa stoo hospitalini. Miaka ile nayo ilikuwa mibaya kama huu. Waliokuwa juu walituambia hakuna kitakachopungua. Posho zipo, magari yapo, kila mtu atapata chake. Tuliwapigia makofi, na mimi nilipiga. Mnajua makofi yale yalidumu muda gani? Miezi saba. Mwezi wa nane nilifungua kabati la glavu nikakuta maboksi matupu. Hakuna aliyeamua kwamba wajawazito wakose glavu. Hakuna aliyetia sahihi. Ziliisha tu. Aliyewahi alipata. Mwenye mjomba ofisini alipata. Mama aliyetembea tangu alfajiri ndiye aliyeambiwa 'hakuna', na aliyemwambia ni mimi, kwa kinywa hiki. Mishahara nayo ikakaa miezi mitano. Serikali ile haikupunguza kitu, ndugu zangu. Vitu vilipungua vyenyewe. Na upungufu ukiachwa uchague wenyewe, huchagua mnyonge."

Alihamishia leja kwapa la pili, akaendelea.

"Kwa hiyo mimi naunga mkono serikali kupunguza matumizi, wala siombi radhi kwa kusema hivyo. Maji yakiingia nyumbani, mwenye akili huamua mapema kama ataokoa kitanda au kabati. Hangoji maji yamwamulie. Ninachokikataa ni kupunguza kwa macho yaliyofumbwa. Kutaja majina saba ni kufumba macho. Hii ni kazi ya mtu anayejua kilichomo kwenye rafu."

"Sawa, mama, tumesikia," Redio alisema, safari hii bila mzaha. "Lakini kwa nini kila siku waanze na sisi? Msumeno si unakata mbele na nyuma?"

"Ndiyo maana," alijibu, akitoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka kwenye leja, "namba moja katika orodha hii ni gari la Meneja."

Meneja alikohoa. Kule langoni, Kiyoyozi, aliyekuwa akifuta kioo cha mbele kwa kitambaa laini, aliacha mkono wake palepale juu ya kioo.

Orodha ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Magari kumi na matatu yasimamishwe na kupandishwa juu ya matofali. Tisa yabaki barabarani, ya kwanza yakiwa maboza mawili: moja la kupeleka maji hospitalini kila asubuhi, kwa sababu bomba la kilimani lilikuwa halipandishi maji, na jingine la shule za mbali. Vipuri vya magari yaliyosimama vitunze yanayotembea. Watu wote ishirini na mmoja wabaki kazini, ila bila malipo ya saa za ziada na bila posho ya safari kwa yeyote, kuanzia juu hadi chini.

"Na vipuri?" Meneja aliuliza. "Fungu la vipuri limekatwa nusu."

Bi Hakuna alipiga jalada la leja kwa kiganja. "Kila kilichopo kimeandikwa humu. Kikitunzwa, kinatosha miezi mitatu."

Meneja aliizunguka karatasi ile mezani kwake kutwa nzima, na jioni akatuita tena. Alisema anaukubali mpango, lakini kwa majaribio ya siku thelathini. "Boza la hospitali likikosa safari hata moja," alisema, akimtazama mtunza stoo peke yake, "siku hiyohiyo nitapeleka majina saba. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alijibu.

Kiyoyozi alifika nyumbani kabla chai haijachemka. Alipiga hodi kama askari.

"Dada, hivi mtu humnyang'anya mdogo wake sahani mezani?"

"Karibu ukae kwanza."

"Nikae wapi? Umenihamishia kwenye boza. Kile kiti springi imetoka nje, dada. Inanichoma mahali ambapo kwa heshima yako siwezi kupataja." Alizunguka jikoni, akagusa kopo moja, akalirudisha mahali pake sawasawa, kwa kuwa alilelewa katika nyumba ile. "Ungeanza na gari lingine. Lolote. Ungenipa hata mwezi mmoja nijiandae. Watu wengine huambiwa mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi umeninyoa bila maji!"

"Maji utayapata," alimjibu. "Lita elfu kumi kila asubuhi."

Niliinamisha kichwa juu ya kikombe changu. Kiyoyozi naye alibana midomo asicheke, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

"Sasa sikiliza," dada yake aliendelea, na sauti yake ikalainika. "Ningeanza na gari la mwingine, nikaliacha lako, nani angenisikiliza pale? Redio angenitafuna mzima mzima. Na angekuwa na haki. Mimi sikukuchagulia adhabu. Nilitafuta dereva ambaye hajawahi kuchelewa hata siku moja, nikaona ninaye ndani ya familia."

Kiyoyozi aligeukia mlango. Dada yake aliingia chumbani, akarudi na mto mdogo wa kitambaa cha kijani, akamwekea mapajani. Kiyoyozi aliutupa juu ya kiti, akaondoka bila kuaga. Asubuhi nilipokwenda kukagua betri ya boza, mto wa kijani ulikuwa umefungwa kwa kamba juu ya springi.

Siku kumi na nane zilikwenda vizuri. Kila boza la hospitali lilipotoka langoni, Bi Hakuna aliweka alama ya chaki ukutani kando ya dirisha lake. Kiyoyozi aliendesha boza vioo vikiwa juu, ingawa ndani mlikuwa na joto la tanuri, lakini wauguzi walianza kumpungia mkono kilimani, na kufikia juma la pili alikuwa akipiga honi kona nzima kabla hajafika. Magari kumi na matatu yalikaa juu ya matofali yakiwa yamepangwa mstari, na ndege wakaanza kutua juu ya vioo vyake vya pembeni. Nilianza kulala vizuri.

Hapa sina budi kueleza desturi moja ya karakana yetu. Chini ya kila meza ya kazi palikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli. Ndani yake kila fundi aliweka akiba: filta aliyoitoa kwenye gari bovu, beringi aliyoomba akapewa mbili, nati, bolti, bomba la mpira. Hatukuiita wizi, maana hakuna aliyekwenda na kitu nyumbani. Tuliiita busara. Ukijua kwamba dirishani utaambiwa hakuna, unajiwekea chako. Nilipoajiriwa nilipewa kufuli kabla ya kupewa ovaroli, na sanduku langu lilikuwa na fyuzi tisa na relei moja ambazo leja haikuzijua.

Siku ya kumi na tisa, saa moja na nusu asubuhi, boza la shule lilikuwa limeshaondoka. Kiyoyozi aliwasha boza la hospitali, lililokuwa limejazwa maji tangu jana yake, na mara taa nyekundu ya betri ikawaka. Aliniita. Tulipoinua kibanda cha dereva, nikaona mkanda wa feni umekatika, umelala juu ya injini kama nyoka aliyepigwa. Bila mkanda huo feni haizungushwi, pampu ya kupoza injini haizungushwi, na alteneta haichaji. Matangi ya hospitali yalikuwa na maji ya kufikia saa tatu. Boza lilipaswa kutoka si zaidi ya saa mbili na nusu.

Nilikimbia dirishani.

"Mkanda wa feni, wa lori la boza."

"Hakuna," alisema, lakini safari hii aliinua macho. Aligeuza leja nione: safu ya mikanda ilikuwa sifuri. "Toeni kwenye yaliyosimama. Yapo malori matatu ya aina hiyo."

Tulikwenda kwenye matofali, mafundi sita. Lori la kwanza: puli, lile gurudumu la kuzungushia mkanda, ni tupu. La pili: puli tupu. Kwenye la tatu, vumbi lililokuwa juu ya injini lilikuwa na alama za vidole zilizo wazi kabisa, na mkanda haukuwepo. Tuliangalia zaidi. Hapa filta imeondoka, pale bomba. Magari tuliyoyasimamisha ili yatunze mengine yalikuwa yamechambuliwa kimyakimya katika siku kumi na nane, kila mtu akichukua kidogo kwa hofu kwamba mwenzake atamtangulia.

Tulirudi uwanjani. Watu karibu wote walikuwa wamekusanyika. Hakuna aliyetazama chini ya meza yake, na kwa kutotazama huko kila mmoja alijulikana.

"Funga kamba," Redio alisema. "Tumewahi kufunga kamba."

"Kamba?" Kiyoyozi alimgeukia. "Lita elfu kumi, na kile kilima? Kabla ya kona ya kwanza injini itachemka, tuwakaribishe watu chai."

"Masanduku yavunjwe," mwingine alisema. "Aitwe mlinzi na mtaimbo."

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika tano. Nilimwona Bi Hakuna ametoka mlangoni pa stoo, jambo alilolifanya mara chache. Alitutazama, akatazama masanduku, nikadhani atamwita mlinzi. Alitikisa kichwa.

"Binti," aliniambia, "njoo unishikie upande mmoja."

Nilimfuata ndani. Nyuma kabisa, palipokuwa na matairi chakavu yaliyopangwa hadi kwenye dari, alianza kuyavingirisha kando, moja baada ya jingine. Nyuma ya matairi palikuwa na rafu ya ubao mmoja ambayo sikuwahi kujua kuwa ipo. Hakuchukua vitu vilivyokuwa juu yake. Aliung'oa ubao wenyewe, nami nikaushika upande wa pili, tukautoa nje na vitu vyake kama watu waliobeba mgonjwa, tukauweka juu ya sakafu ya saruji katikati ya uwanja.

Vitu vilikuwa kumi na vinne. Filta mbili za oili, beringi iliyofungwa kwa karatasi yenye nta, mfuniko wa rejeta, seti ya balbu, gasketi tatu na vinginevyo. Kila kimoja kilikuwa na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi, chenye tarehe kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Tarehe ya zamani kuliko zote ilikuwa ya miaka kumi na mmoja nyuma.

"Mkanda haumo," alisema. "Ungekuwemo ningeutoa. Lakini siku ya mkutano nilipiga leja yangu mbele yenu nikasema kila kilichopo kimeandikwa. Sikusema kweli. Hivi havikuandikwa. Nilivificha kwa sababu nilijua nikisema vipo, vitaishia kwenye masanduku yenu. Nanyi mlijaza masanduku kwa sababu mlijua nikisema hakuna, vipo. Sasa karakana ina vipuri, na boza halina mkanda."

 Redio ndiye aliyetangulia kusema, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Nyani haoni kundule," alisema polepole. "Na ulitusomesha hapa uchumi wa nchi nzima!"

"Leo nimeliona, baba," alimjibu. "Na nimeliweka hapa sakafuni ili nanyi mlione."

Sikutegemea maneno hayo kutoka kwake, na nadhani hakuna aliyetegemea. Mtu mmoja alipaliwa na kicheko, kisha mwingine, kisha uwanja mzima. Redio alicheka mpaka akajifuta macho kwa glavu yake ya kuchomelea. Alipomaliza kucheka alitia mkono mfukoni, akatoa funguo, akaenda kupiga magoti chini ya meza yake. Alirudi na mikanda miwili, akiishika mbali na mwili wake kama mtu aliyeshika samaki wa jana.

"Niliiweka kwa ajili ya siku mbaya," alisema.

"Na leo unaionaje, mzee?" Kiyoyozi alimuuliza. "Nzuri?"

Kilichobaki kilikuwa kazi yangu. Nililegeza bolti ya alteneta, nikapitisha mkanda juu ya puli tatu, nikaikaza alteneta nyuma kwa mtaimbo huku Redio akinishikia tochi bila kusema neno, tukio ambalo lilistahili kuandikwa peke yake. Nilibonyeza mkanda kwa kidole gumba. Ulizama kiasi kinachotakiwa. Boza lilitoka langoni saa mbili na dakika ishirini na nne. Kiyoyozi alikuwa ameshusha kioo ili amwone dada yake kwenye kioo cha pembeni, na nadhani alisahau kukipandisha, kwa sababu tangu siku hiyo kimebaki chini.

Hatukurudi kazini mara moja. Mmoja baada ya mwingine tulifungua masanduku yetu na kuvimwaga vilivyomo kando ya ule ubao. Nilipomimina fyuzi zangu tisa nilihisi uso unawaka, ingawa hakuna aliyekuwa akinitazama. Kila mtu alikuwa na vyake vya kuonea haya. Bi Hakuna alileta kiti, akakaa katikati yetu, akaanza kuandika.

Meneja alifika tukiwa katika hali hiyo. Siku hizo alikuja kwa miguu, na viatu vyake vilikuwa na vumbi. Alisimama langoni akitazama vipuri vilivyotandazwa kama bidhaa za mnadani.

"Mnahama?" aliuliza.

"Tunaandika, bosi," alijibiwa.

Bi Hakuna aliinuka, akamweleza yote: mkanda uliokatika, magari yaliyochambuliwa, masanduku, na rafu ya nyuma, ambayo aliitaja kwanza. Hakumtaja Redio kwa jina wala kwa kazi.

"Kwa hiyo mpango ulionipa haukuwa sahihi," Meneja alisema.

"Haukuwa. Idadi ya vipuri haikuwa sahihi."

"Naweza kupeleka majina saba leo hii. Unajua hilo?"

Mikono yangu ilikuwa na grisi. Niliifuta kwenye ovaroli, nikaifuta tena.

"Boza limekwishatoka, bosi, makubaliano hayajavunjwa," alisema. "Lakini ukiona vema kupeleka majina, la kwanza liwe langu, kwa sababu kosa lilianzia kwenye rafu yangu. Ila kabla hujaandika, tazama hii." Alimpa leja. "Vitu mia moja sitini na tatu ambavyo serikali ilikwishavilipia, tukawa tunaiomba ivinunue tena. Nilikuambia mpango utatuvusha miezi mitatu. Kwa hivi, utatuvusha sita. Nimekuwa nikisema tangu mwanzo kwamba inawezekana kuishi na kidogo hiki. Leo nina ushahidi kuliko nilivyokuwa nao jana."

Meneja alisoma ukurasa hadi chini. Aligeuza, akasoma wa pili. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Na vipuri vya gari langu, vimo?"

"Vimo, bosi. Vyote."

Meneja alifunga leja.

"Lakini?"

"Lakini linalofuata kurudishwa barabarani ni lori la kuwa boza la akiba. Tusingekuwa na presha ya leo kama lingekuwepo."

Alimrudishia leja. "Daktari ananiambia kutembea kunanifaa," alisema, akaenda zake ofisini akipangusa viatu kwenye suruali kama mwanafunzi.

Siku ya thelathini alama za chaki ukutani zilikuwa thelathini. Mpango ulipelekwa juu na ukurasa wa majina haukuandikwa. Sitaki kusema kwamba mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Saa za ziada hazikurudi kwa mwaka mzima na nusu. Mimi niliahirisha kununua mita yangu mwenyewe ya kupimia umeme, na wenzangu wenye watoto waliahirisha mambo makubwa kuliko hilo. Watu walilalamika dirishani, na Bi Hakuna aliwasikiliza. Aliyesema maisha ni magumu alikubaliana naye. Aliyesema serikali ingeacha kila kitu kama kilivyokuwa, alimsimulia habari za kabati la glavu, toka mwanzo hadi mwisho, hata kama alikuwa ameshaisikia mara nne.

Ubao wa rafu ya nyuma haukurudi mahali pake. Aliupaka rangi nyeusi, nikautoboa matundu mawili, tukautundika nje kando ya dirisha. Kila asubuhi huandika juu yake kwa chaki kila kilichomo stooni na idadi yake, hata kama ni kimoja, na jioni hufuta na kusahihisha. Masanduku bado yapo chini ya meza. Sisi huweka ndani yake vikombe vya chai.

Majuzi nilikuwa dirishani nikitia sahihi ya kuchukua waya, Redio akaja nyuma yangu.

"Vijiti vya kuchomelea, mama."

"Hakuna," Bi Hakuna alijibu, akiendelea kuandika.

Zamani neno hilo lingetugharimu robo saa, na nondo ya tatu ingeng'aa zaidi kidogo. Redio aliinua macho akautazama ubao, akaona sifuri.

"Basi mpaka Jumatatu," alisema, akaondoka akipiga mluzi.

Bi Hakuna aliacha kalamu. Aliinamia dirishani akamfuata kwa macho mpaka alipopinda kona ya karakana, kisha akarekebisha miwani yake penye waya wa shaba, akaniuliza kama waya niliochukua ni mita tatu au mita tatu na robo.